Hekalu Lililofungwa kwa Ajili ya Ukweli

Ijulikane kwa wananchi wote, kwa wageni wote, na kwa wale waliokwisha kuja wakaondoka wamenuna, kwamba kuanzia Jumatatu hii, saa mbili asubuhi, uongo umekwisha rasmi katika mji mkongwe wa Nakhon Burana. Atakayeuona popote atoe taarifa dirisha namba tatu.

Tangazo hilo lilichapwa na Rampai, na dirisha namba tatu lilikuwa la Rampai. Dirisha namba moja na namba mbili hayakuwahi kuwapo. Mkurugenzi aliona kwamba ofisi inayoanzia tatu inaonekana kubwa zaidi.

Rampai alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa ameimalizia kwenye kiti kile kile cha Ofisi ya Taarifa kwa Wageni, akiwaambia watu hekalu liko wapi, choo kiko wapi na treni ya Bangkok inaondoka saa ngapi. Hakuwahi kumpoteza mgeni hata mmoja. Kwa sababu hiyo hakuwahi kupandishwa cheo. Vyeo hupewa wanaotatua changamoto, na kazi ya Rampai haikuwa na changamoto.

Changamoto ya mji ilikuwa nje ya lango la Wat Phra Non, hekalu la kale lenye sanamu ya Buddha aliyelala, ndefu kuliko mabasi manne yaliyoegeshwa kwa mstari. Watu wa mji humwita Baba Aliyelala. Hapo langoni huegesha bajaji, na madereva wake walikuwa na ada yao: mgeni akikaribia na kamera yake, dereva humzuia kwa upole, akaweka uso wa msiba na kusema, "Pole sana. Leo pamefungwa." Kisha humpakia na kumpeleka kwenye Duka la Vito na Hariri, ambako mgeni hununua pete ya kijani ambayo ikikaa juani wiki moja hugeuka njano. Dereva hupewa kuponi ya petroli. Mwenye duka alikuwa mama mkwe wa Mkurugenzi, lakini hilo lilikuwa suala la kifamilia na halikuhusiana na utalii.

Kaka yake Rampai, Sangwian, alikuwa mmoja wa madereva hao. Alijua kusema "leo pamefungwa" kwa lugha tisa, mojawapo Kifini, na kwa huzuni nzito kiasi kwamba kuna mgeni mmoja aliwahi kumkumbatia akamwambia ajikaze.

Malalamiko yakawa mengi. Siku moja ikaja barua kutoka Bangkok: mwisho wa mwezi ujao Naibu Waziri angefika kutoa tuzo ya Mji wa Mfano kwa Ukarimu, kwa sharti kwamba malalamiko ya kudanganywa yawe sifuri. Mkurugenzi Phaithun, mtu wa kola ngumu na nywele zilizochanwa kama zimepigwa rula, akaunda siku hiyo hiyo Kamati ya Kuoanisha Kauli na Hali Halisi. Rampai akaitwa kuandika kumbukumbu za kikao na kuleta chai.

"Ndugu wajumbe," akasema Mkurugenzi, "uongo tuutazame kitaalamu. Uongo ni nini? Uongo ni pengo. Upande huu kuna kauli, upande ule kuna hali halisi, na katikati kuna pengo. Watu wasiosoma hukimbilia kurekebisha kauli. Rampai, madereva tunao wangapi?"

"Mia moja na arobaini, Mheshimiwa."

"Midomo mia moja na arobaini. Na malango ya hekalu?"

"Moja, Mheshimiwa."

"Kufuli tunalo?"

"Liko stoo."

Mkurugenzi akafunga faili lake taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. "Sasa jiulizeni wenyewe, lipi ni rahisi."

Wajumbe wakajiuliza wenyewe. Mmoja akapiga makofi, kisha wote wakapiga, kwa sababu wa mwisho kupiga makofi huonekana. Ikapitishwa bila kupingwa kwamba hekalu lifungwe, ili dereva atakayesema pamefungwa awe anasema kweli.

Rampai akainua kalamu. "Samahani, Mheshimiwa. Na wanaokuja kusali?"

"Wamewahi kuleta malalamiko?"

"Hapana."

"Basi hawamo katika takwimu," akasema Mkurugenzi, naye hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akimwelimisha tu.

Jumatatu kufuli likatiwa. Juu yake kikatundikwa kibao cha rangi ya buluu, kwa Kithai na kwa lugha nyingine nne: HEKALU LIMEFUNGWA KWA AJILI YA UKWELI. TUNAOMBA RADHI KWA USUMBUFU. Madereva wote wakagawiwa beji za kifuani zilizoandikwa MKWELI.

Sangwian aliivaa yake kwa fahari. "Miaka kumi na mitano nasema pamefungwa," akamwambia dada yake, "hakuna aliyenisikiliza. Leo serikali imenisikia."

Mkewe, Lamduan, hakufurahi. Yeye aliuza maua ya yungiyungi, ubani na mishumaa hatua tano kutoka langoni, na lango likifungwa hakuna anayempelekea Baba Aliyelala ua. Mchana alifika dirisha namba tatu na ndoo yake, akaipiga juu ya meza mpaka maji yakarukia vipeperushi.

"Wifi, hebu kaniulizie kwa wakubwa zako. Hili yungiyungi nilichemshe na pilipili, au wana mpango mwingine nalo?"

"Wifi, punguza sauti, Mkurugenzi yumo ndani."

"Asikie! Mama Bua wa sokoni kaja leo na mjukuu wake mwenye homa, kapiga magoti kwenye kibao. Kwenye kibao, wifi! Anasujudia rangi ya buluu!"

Rampai akachukua kitambaa. Alimpangusia ndoo. Akanunua maua yote, akayaweka kwenye glasi mezani pake, yakafumba moja moja hadi jioni.

Utekelezaji, hata hivyo, ulikwenda vizuri mno. Wageni walipoambiwa na dereva kwamba pamefungwa, walicheka na kumtingishia kidole, kwa maana vitabu vyao vya mwongozo viliwaonya wasidanganyike na maneno hayo. Wakatembea kwa miguu juani mpaka langoni, wakasoma kibao, wakasoma tena, wakarudi dirisha namba tatu wakiwa wekundu kama kamba wa kuchemsha. Rampai akawapa fomu. Fomu ilikuwa na swali moja: Je, kuna mtu yeyote aliyekudanganya?

"Hapana," aliandika mwanamume mmoja mrefu, akikandamiza kalamu. "Hakuna."

Wiki ya kwanza malalamiko yalikuwa sifuri. Mkurugenzi aliamuru sifuri hiyo ichorwe kwenye bango kubwa, nyekundu, itundikwe mbele ya ofisi. Wageni kadhaa waliipiga picha wakidhani ni duara la sanaa ya kisasa. Ndicho kivutio pekee walichokiona mjini.

Wiki ya pili pakazuka tatizo. Madereva walianza kukosa abiria. Mtu mkweli hana cha kumuuzia mtu asiyemwamini, na Sangwian alikaa siku tatu amelala kwenye kiti cha nyuma cha bajaji, beji yake imemgeukia kwapani. Siku ya nne akajaribu neno jipya. Alimwona bibi mmoja wa kigeni na mumewe stesheni, akatabasamu meno yote, akawaambia, "Karibuni! Leo pamefunguliwa!" Wakapanda mara moja. Kufika Ijumaa, madereva mia moja na arobaini walikuwa wakiimba "pamefunguliwa" kutoka stesheni mpaka mtoni.

Rampai akamwita kaka yake nyuma ya ofisi. "Kaka, unawadanganya watu."

"Mimi?" Sangwian akaweka mkono juu ya beji. "Dada'angu, nikisema pamefungwa, na ni kweli, wananicheka. Nikisema pamefunguliwa, wanapanda. Unataka nife na ukweli wangu mdomoni?"

"Wakifika langoni?"

"Wakifika langoni tunasikitika pamoja. Kusikitika najua."

Fomu zikaanza kurudi zimejaa. Kamati ikakutana kwa dharura, na Mkurugenzi, aliyekuwa hajalala vizuri, akatangaza kwamba pengo limehamia upande wa pili. Mjumbe mmoja, mgeni katika kamati, akauliza kama hii si dalili kwamba hekalu lifunguliwe tu. Akatazamwa. Hakualikwa tena.

"Hatuwezi kurudi nyuma," akasema Mkurugenzi. "Wako madereva wanaosema pamefungwa na wako wanaosema pamefunguliwa. Serikali haibagui. Kila mmoja ana haki ya kuwa mkweli." Akanywa chai. Kisha uso wake ukaangaza. "Mlinzi afungue lango kila siku saa mbili kamili asubuhi. Na alifunge dakika moja baadaye. Atakayesema pamefunguliwa, ni kweli, pamefunguliwa. Atakayesema pamefungwa, ni kweli vilevile, pamefungwa."

Makofi safari hii yalikuwa ya dhati. Kuna mjumbe alifuta machozi.

Rampai alitaka kusema jambo, akaliacha. Jambo lenyewe kila mtu mjini alilijua: saa mbili kamili asubuhi wimbo wa taifa hupigwa kwenye vipaza sauti, stesheni, sokoni, shuleni, na kila mwenye miguu husimama wima alipo mpaka uishe. Nao huchukua dakika moja hivi.

Kwa hiyo kila asubuhi ikawa hivi. Watu wa mji walikusanyika mbele ya Wat Phra Non na maua yao. Saa ikagonga, mlinzi akalisukuma lango, na papo hapo wimbo ukaanza. Wote wakasimama, mikono ubavuni, wakimtazama Baba Aliyelala kupitia lango, uso wake umetulia ndani ya kivuli, karibu kiasi cha kuhesabu njiwa begani mwake. Hakuna aliyeinua unyayo. Noti ya mwisho ikaisha, na mlinzi, ambaye naye alikuwa amesimama wima na jasho linamtiririka, akalivuta lango na kulitia kufuli. Mara ya kwanza Rampai alisimama pale karibu na Lamduan. Alimwona Mama Bua amemshika mjukuu wake, midomo inacheza kwa haraka, kama mtu anayejaribu kusema mambo ya mwaka mzima kabla treni haijaondoka. Rampai alirudi ofisini, akajifungia stoo kidogo, akatoka amenawa uso.

Na kwa wiki tatu alijibu alivyoelekezwa katika Mwongozo wa Majibu, ukurasa wa kwanza: Hekalu hufunguliwa kila siku. Ilikuwa kweli tupu. Hakuwahi kusema kweli iliyofanana na uongo vile.

Siku moja kabla ya Naibu Waziri kufika, mchana, Sangwian aliingia ofisini na bibi kizee mwembamba, kanga yake ya Kithai imefungwa kiunoni kwa mkanda wa fedha wa zamani, na mkononi kikapu kizito kilichofunikwa jani la mgomba. Sangwian alikuwa amempakia stesheni.

"Dada, mshughulikie bibi huyu," akanong'ona. "Mimi nimeshindwa."

"Umeshindwa nini?"

"Nimeshindwa yote mawili. Nikitaka kusema pamefungwa, ananitazama. Nikitaka kusema pamefunguliwa, ananitazama."

Bibi akaketi bila kukaribishwa, akapakata kikapu. "Mwanangu, mimi ni Thongyoi. Nataka kwenda kwa Baba Aliyelala. Huyu dereva wako kanizungusha mtaa mmoja mara tatu anakohoa. Ana kifua?"

Rampai akaunganisha viganja kumwamkia. Jibu la ukurasa wa kwanza lilikuwa tayari kwenye ulimi. Akaona mikono ya bibi, mishipa imesimama kwa uzito wa kikapu, na vidole viwili vimeshikilia jani lisiteleze. Akafikiria kiinua mgongo chake, miaka tisa iliyobaki. Akaugeuza Mwongozo wa Majibu kifudifudi.

"Bibi, hekalu limefungwa," akasema. "Linafunguliwa asubuhi wimbo wa taifa ukianza, linafungwa wimbo ukiisha. Huwezi kuingia leo, na kesho hutaingia."

"Kwa nini?"

"Ili huyu kaka yangu asiwe mwongo."

Bi Thongyoi akamgeukia Sangwian, akamkagua toka kandambili mpaka beji. "Huyu?"

"Ndiye, bibi."

"Kazi yote hiyo kwa ajili ya huyu?"

Sangwian akafunika beji kwa kiganja.

Bibi akafunua jani. Kikapu kilikuwa kimejaa mayai ya kuchemsha, yamepangwa safu juu ya safu. "Tisini na tisa," akasema. "Niliweka nadhiri pale mbele ya Baba, mwanangu akipata cheo nitaleta mayai tisini na tisa kwa miguu yangu mwenyewe. Kapata mwezi jana. Tangu apate, mimi simpati hata kwenye simu. Lakini nadhiri ni nadhiri. Na joto hili, mwanangu, mayai hayasubiri kamati."

"Hongera, bibi. Kapata cheo gani?" akauliza Rampai.

"Naibu Waziri. Kesho anakuja hapa hapa kwenu kukata utepe. Wasaidizi wake walitaka nije naye kwenye magari yao meusi, lakini yananitapisha."

Sangwian aliketi sakafuni. Rampai hakuketi kwa sababu alikuwa tayari ameketi, ila alihisi kama kiti kimeondolewa. Akanyoosha mkono kwenye simu. Bibi akauwekea mkono wake juu.

"Usimpigie mtu. Nadhiri niliweka mimi, haikuwekwa na serikali. Kesho saa mbili nitasimama na wenzangu."

Lamduan alimchukua kwake, akamlisha wali wa kunata na samaki, na wakamsema Mkurugenzi mpaka walipochoka.

Asubuhi Bi Thongyoi alisimama mstari wa mbele. Lango likafunguliwa, wimbo ukaanza, naye akasimama wima kuliko wote, kidevu juu, kikapu kimening'inia mkononi. Katikati ya wimbo yai moja likateleza. Likaanguka mchangani bila kupasuka, likabingirika mteremkoni, likapita kizingiti cha lango polepole, mbele ya macho ya mji mzima, na hakuna aliyetikisika. Wimbo ukaisha. Lango likafungwa. Yai lilikuwa ndani.

"Moja limeingia," akasema Bi Thongyoi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tisini na nane yamebaki nje." Na Rampai akaona kwamba bibi analia, kwa hasira ya mtu aliyetii sheria yote na bado akafungiwa mlango.

Sherehe ilikuwa saa tatu, papo hapo mbele ya lango, kwa kuwa ndipo penye kibao. Viti viliwekwa chini ya mahema, na cha katikati mstari wa mbele kilifungwa utepe wa dhahabu kwa ajili ya mama mkwe wa Mkurugenzi. Rampai, aliyepewa kazi ya kuwaketisha wageni, akaufungua utepe na kumketisha Bi Thongyoi na kikapu chake. Mama mkwe alipofika akapewa kiti karibu na spika.

Naibu Waziri akafika na magari meusi saba. Alipomwona mama yake mstari wa mbele alishtuka, akamwinamia, akamuuliza kwa mnong'ono amefikaje. "Kwa treni," akajibu. "Kama watu." Hapakuwa na muda wa zaidi, kwani Mkurugenzi Phaithun alikuwa tayari ameshika kipaza sauti.

Alizungumza dakika arobaini. Alieleza pengo. Alieleza kauli na hali halisi, akaonyesha mchoro wenye mishale. "Penye tofauti kati ya neno na jambo," akamalizia, "uongozi wenye maono hauulizi lipi ni sahihi. Huuliza lipi ni rahisi kurekebisha!" Naibu Waziri akapiga makofi. Alikuwa mtu wa makofi. Ndiyo yaliyomfikisha hapo.

Kisha waandishi wa habari wakaruhusiwa kuuliza, na mmoja wao, kijana wa redio ya mkoa, akagundua kwamba kuliko kumhoji Naibu Waziri ni heri kumhoji mama yake. Akamsogezea kipaza sauti.

"Bibi, tuko hewani moja kwa moja. Una maoni gani kuhusu kazi ya Mkurugenzi?"

Bi Thongyoi akafikiri kidogo. "Mkurugenzi yupi?"

"Huyu, bibi. Mkurugenzi Phaithun."

"Ah, huyo si Mkurugenzi tena," akasema kwa sauti iliyotoka kwenye spika zote sita. "Mwanangu ametengua uteuzi wake asubuhi hii. Kwa kuwafungia watu Baba Aliyelala."

Watu wakageukiana. Kisha nyuma kabisa, walikoegesha bajaji, mtu mmoja akapiga kelele ya shangwe, nayo ikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Mama Bua alimrusha mjukuu wake juu. Lamduan alikuwa akigawa maua bure, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona.

Jukwaani, msaidizi wa Naibu Waziri akamwinamia bosi wake. Rampai, aliyekuwa amesimama karibu na maji ya kunywa, alisikia kila neno.

"Mheshimiwa, tutoe taarifa ya kurekebisha? Tuseme mama amekosea?"

"Niliambie taifa kwamba mama yangu ni mwongo? Hewani?"

"Au tuseme ni uzee."

Naibu Waziri akamtazama mama yake. Mama yake akamtazama. Msaidizi akarudi hatua mbili.

"Mkurugenzi," akaita Naibu Waziri kwa upole mkubwa. "Njoo karibu. Hebu nirudie ile nadharia yako ya pengo. Imenivutia sana."

Phaithun, ambaye alikuwa amekwishaamua kwamba maneno ya bibi ni utani wa kizee, akasogea amechangamka. "Ni hivi, Mheshimiwa. Panapokuwa na kauli upande huu, na hali halisi upande ule, na haviendani..."

"Hurekebishwa kilicho rahisi."

"Haswa!"

"Hata kama kilicho rahisi ni hali halisi?"

"Hasa kama ni hali halisi, Mheshimiwa! Hapo ndipo wengi hukosea."

"Asante. Umenisaidia mno." Naibu Waziri akatoa kalamu mfukoni. "Mama ninaye mmoja. Wakurugenzi ninao sabini na sita."

Phaithun alitabasamu sekunde chache zaidi, kama feni inavyozunguka baada ya umeme kukatika.

Barua ilichapwa na Rampai, kwani hapakuwa na mwingine wa kuichapa. Uteuzi wako umetenguliwa. Utapangiwa majukumu mengine. Alipofika kwenye saa ya kuanza kutumika akasita, akaenda kuuliza. Naibu Waziri akasema iandikwe saa tatu na robo kamili, kabla mama hajafungua mdomo, ili asiwe amekosea hata kwa dakika. Rampai akaandika. Hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Aliikunja tu barua na kuipeleka. Hakuna aliyemshukuru wala kumpandisha cheo. Naibu Waziri alimwita Rampan, akamwomba maji.

Kisha mlinzi akalifungua lango, na kwa kuwa hakuna wimbo wowote uliopigwa, watu wakaingia. Waliacha viatu vyao kwenye ngazi, mamia ya jozi, wakaenda na ubani na maua mpaka miguuni pa Baba Aliyelala. Bi Thongyoi aliokota lile yai lake, akalipangusa mchanga, akalirudisha kikapuni, akapiga magoti kati ya Rampai na Lamduan na kutoa yote tisini na tisa. Sangwian alibeba kikapu. Beji ilikuwa imeingia mfukoni.

Nadhiri ikishalipwa, mayai huliwa. Bibi akatoka akigawa, moja kwa kila mtu, na kwenye ngazi akamkuta Phaithun ameketi katikati ya viatu, barua imekunjwa magotini. Mama mkwe wake alikuwa ameondoka na gari.

"Kula, mwanangu," akasema Bi Thongyoi, akamwekea yai mkononi. "Umehutubia tangu asubuhi, lazima una njaa."

Phaithun akaligonga kwenye ngazi na kuanza kulimenya kwa uangalifu, akipanga maganda juu ya barua. Hapo akaja mgeni mmoja, kofia pana, ramani mkononi, amechoka na jua. Akaona kola ngumu, akajua huyu ni mtu wa ofisi. Akamwinamia kwa adabu.

"Samahani, bwana. Hekalu leo liko wazi?"

Phaithun akafumbua mdomo. Akamtazama Rampai, aliyesimama peku mlangoni. Akatazama nyuma, walikokuwa watu wakiingia na kutoka, watoto wanakimbizana, moshi wa ubani unapanda. Akalifikiria swali pande zote.

"Samahani," akasema, "mimi si msemaji."